Buluu ya anga haiko netre: rangi za waya za umeme kule ambako hewa inaweza kulipuka

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi wa umeme hapa Lubumbashi kuna swali moja halichoki kurudi. Kijana amezoea kuvuta umeme manyumbani, Katuba, Ruashi, Kampemba, siku moja anapata mkataba kwa sosyete ya madini upande wa Likasi ao Kolwezi, anafika kule anakuta kable ya buluu ya anga inapita kwenye njia yake peke yake, haichanganyiki na zile nyeusi, basi anapiga foto anatuma: "bakubwa, hii njo netre ya kiwanda muzima?" Majibu yanaanza kumiminika. Mmoja anasema ndiyo, netre. Mwingine anasema hapana, ni tere. Wa tatu, na huyu njo ananitia woga, anasema ile kable inabeba kitu cha kulipuka, ndiyo maana wameipa rangi yake ya pekee, usiisogelee. Wote wamekosa, lakini yule wa mwisho amekosa kinyumenyume kabisa, juu ile kable ina nguvu ndogo kuliko karibu zote zinazopita pale.

Wanaojua maneno ya kazi waruke hapa. Faze ni waya inayoleta umeme, netre ni ile inayourudisha, na tere siku za kawaida haibebi kitu, inangoja tu ajali: umeme ukitoroka ukaingia kwenye chuma ya mashini, tere inaushusha chini ili dijonktere iruke kabla mtu hajagusa. Hayo ni ya nyumbani. "Fasi ya hatari" ya kiwandani sasa, haina maana ya fasi unaweza kupigwa na umeme, maana hiyo ni kila fasi. Ni fasi ambapo hewa yenyewe inaweza kushika moto kwa sababu imechanganyika na mvuke, gazi ao vumbi. Pale umeme haungoji umuguse mtu ili umuue, cheche peke yake inatosha, na cheche moja inaweza kuchukua watu ambao hata hawakuwa karibu na waya.

Na fasi za namna hiyo tunazo nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Viwanda vyetu vingi vya shaba na kobalti vinatumia kile wanaita SX: maji ya asidi yenye shaba yanakorogwa pamoja na kemikali iliyoyeyushwa ndani ya mafuta yenye udugu na petrole ya taa, ile kemikali inaivuta shaba itoke kwenye maji. Fikiria ni mafuta kiasi gani hayo, mabwawa mazima, pampu zinazunguka mchana na usiku. Kule Australia, mgodi wa Olympic Dam uliunguliwa na SX yake mara mbili, 1999 na 2001. Halafu kuna salfa, ile ya njano inayoingia na malori kupitia Kasumbalesa kwa ajili ya kutengeneza asidi, vumbi yake ikielea hewani inaweza kulipuka. Vumbi ya unga wa mahindi kwenye kinu kikubwa vilevile (watu hawaamini hii, lakini kila kitu kinachoungua kikisagwa laini sana na kurushwa hewani kinawaka kwa mara moja). Chumba cha kuchajia batri kinatoa hidrojeni. Stasio ya esansi, wala sina haja ya kueleza, na kwa bakadhafi, wale wauza esansi wenye bidoni zao pembeni ya barabara, ndiyo kabisa.

Wahandisi wanazigawa hizo fasi kwa zone. Zone 0 ni pale gazi inakuwepo muda wote ao muda mrefu, kwa mfano ndani ya tanki yenyewe. Zone 1 ni pale inaweza kutokea mara mojamoja kazi ikiendelea kawaida. Zone 2 ni pale haitarajiwi, na ikitokea ni kwa muda mfupi. Kwa vumbi ni 20, 21 na 22, mpango uleule. Angalia kitu kimoja: namba ndogo njo hatari kubwa. Nimesikia watu wazima wakibishana kwamba zone 2 ni mbaya kuliko zone 0 "juu 2 ni nyingi".

Sasa turudi kwa rangi, na hapa njo fundo lenyewe. Watu wanafikiri kuna sheria moja ya rangi duniani. Haiko. Kila upande wa dunia una mazoea yake, na Katanga, kwa bahati ao kwa bahati mbaya, ni fasi ambapo mazoea yote yamekutana kwenye kiwanda kimoja. Fundi aliyesoma mtindo wa Kibelgiji ao Kifaransa, na leo Ulaya yote pamoja na viwango vya kimataifa vya IEC, anajua netre ni buluu, tere ni kijani-njano, faze ni kahawia, nyeusi na kijivu. Lakini tablo iliyopanda kutoka Afrika Kusini inakuja na faze nyekundu, nyeupe ao njano, na buluu, halafu netre yake ni nyeusi. Umeona? Buluu imekuwa faze, nyeusi imekuwa netre. Mashini ya kutoka China inakuja na faze ya njano, faze ya kijani na faze nyekundu. Kijani kitupu, ndugu yangu, ni faze, ina mavolti 220 juu ya netre, na fundi mwenye mazoea ya Kimarekani akiiona ile kijani anaisukuma moja kwa moja kwenye tere, kwa sababu kwa Wamarekani kijani kitupu ni tere, nyeupe ao kijivu ni netre, na nyeusi ni faze. Hapo bado hujagusa mitambo ya zamani ya wakati wa Union Minière, ile sosyete ya madini ya wakati wa Wabelgiji, waya zenye kanzu ya kitambaa na mpira, ambayo leo hata rangi yake ya kuzaliwa huwezi kuijua.

Hata Waingereza wenyewe walibadilisha. Zamani faze zao zilikuwa nyekundu, njano, buluu, netre nyeusi. Tangu mwisho wa mwezi wa tatu 2006 mitambo mipya yote lazima ifuate rangi za Ulaya. Maana yake jengo moja kule linaweza kuwa na chumba ambamo nyeusi ni netre na chumba cha pembeni ambamo nyeusi ni faze, na ndiyo maana sheria yao ilidai etikete ya onyo ibandikwe kwenye tablo kila mahali rangi mbili zimekutana. Hapa kwetu ile etikete wengi hatuibandiki, tunategemea kwamba aliyefunga bado yuko kazini na simu yake inapatikana.

Chukua bidoni ya njano ya lita 20. Hapa Lushi inabeba maji, inabeba mafuta ya mawese, inabeba esansi, inabeba hata lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Rangi ni ileile. Hakuna mama anayemimina kwenye chungu bila kunusa kwanza. Rangi ya waya njo vile, inakuambia tu yule aliyeivuta alikuwa na nia gani, kama alijua kazi, na kama hakuna mwingine aliyepita nyuma yake na kubadilisha.

Kuna rangi moja karibu wote wameelewana, kijani na njano pamoja kwenye waya moja, hiyo ni tere. Na haikuwekwa rangi mbili kwa urembo. Mtu ambaye macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, na wanaume wa hivyo wapo wengi bila kujijua, bado ataona mistari miwili. Kuna hata kipimo: kwenye kila milimita 15 za ile waya, rangi moja lazima ifunike si chini ya asilimia 30 wala si zaidi ya 70, ili fasi yoyote utakayoikata mistari yote miwili ionekane. Kwa hiyo yule anayekosa waya nyeusi dukani akachukua kijani-njano akaizungusha shatertoni nyeusi mwisho wake ili iwe faze, huyo asipewe kazi tena, kwa kweli. Shatertoni itabanduka na joto, itabaki ile rangi ambayo kila mtu anaiamini.

Sasa buluu ya anga. Kwenye fasi za hatari kuna njia kadhaa za kuzuia umeme usiwashe hewa, na mojawapo ni kuunyima nguvu tangu mwanzo. Hidrojeni inahitaji cheche ya karibu milijuli 0.02 tu ili ishike, metani kama 0.28. Ni kidogo sana, ile cheche unayoisikia kwenye kidole ukivua sweta wakati wa kiangazi tayari imepita ile ya hidrojeni mara nyingi. Basi wanachofanya, kwa vyombo vya kupima, vihisio vya kiwango cha tanki, vya joto, vya presha, vitu ambavyo havihitaji umeme mwingi, wanaweka kizuizi kwenye chumba salama kabla waya haijaingia kwenye zone. Kizuizi cha kawaida kabisa kina mavolti 28 na rezistansi ya omu 300 ndani yake. Gawanya: hata ukiunganisha waya zile mbili kwa makusudi kule mbele, haitapita zaidi ya miliampea 93. Ukiikata, ukiibana, ukiikwaruza, cheche itakayotoka haina nguvu ya kuwasha ile gazi ambayo mfumo ulihesabiwa kwa ajili yake. Wanaita usalama wa ndani, kwenye plaketi utaona herufi "i" nyuma ya Ex, alama ya vyombo vya fasi za hatari: Ex ia, Ex ib, Ex ic.

Kiwango cha IEC 60079-14, ndicho cha kufunga mitambo ya namna hii, kinasema: kable za usalama wa ndani lazima zitambulike, na kama unatumia rangi kuzitambulisha, basi rangi ni buluu ya anga, na ile rangi usiitumie kwa kable zingine kwa namna ya kuchanganya watu. Wamarekani nao kwenye sheria yao wanairuhusu ileile. Soma vizuri hapo: kiwango hakisemi kila kable ya usalama wa ndani lazima iwe ya buluu. Inaweza kuwa nyeusi yenye etikete. Kwa hiyo ukiona nyeusi usiseme "hii haiko ya usalama wa ndani", na ukiona buluu usiseme "hii hakika iko".

Na ile buluu ni ganda la nje. Ukilifungua ndani unaweza kukuta waya nyeusi na nyeupe, ao zote nyeusi zenye namba. Plastiki yake haiko ya ajabu, haizuii mlipuko, haina unene wa pekee. Nilishasikia mtu akiuza roli ya kable ya buluu kwa bei ya juu kwamba ni "ya kuzuia moto". Ni rangi tu. Kinachozuia moto ni kile kizuizi kwenye tablo, na ile hesabu iliyofanywa kwenye karatasi.

Hatari yenyewe njo hii: buluu haiko kwa ajili ya kukulinda wewe na ile kable, iko kwa ajili ya kuilinda ile kable na majirani zake. Fungua bwati moja ya kuunganishia na uangalie. Kushoto kuna mstari wa vibano vya buluu, kulia kuna vya kijivu vyenye mavolti 220 ya vali na taa, na kati yao kuna pengo ao ukuta mdogo wa kutenganisha. Ile nafasi haikuachwa kwa sababu vibano vilikwisha: vibano vya usalama wa ndani na vile vingine vinatakiwa viachane angalau milimita 50. Sasa fundi anakuja, ana waya moja ya ziada, anaona kuna kibano cha buluu kiko wazi, anasema buluu ni netre, anaifunga pale netre yake ya 220. Kwa macho kazi ni safi, rangi zimefanana. Lakini amefungua mlango, nguvu ya tablo nzima sasa ina njia ya kufika kwenye kihisio kilichokaa ndani ya tanki, zone 0, na kizuizi kimerukwa. Kiwango kinalijua hilo tatizo, kinasema palipo na netre za buluu ndani ya tablo lazima uongeze njia ingine ya kutofautisha, kuzifunga pamoja kwenye ganda la buluu ya anga, kuweka etikete, ao kutenganisha fasi kabisa.

Mtu atauliza, lakini mavolti 24 ya batri inaweza kuwasha nini? Hilo swali lilishalipiwa bei. Tarehe 14 Oktoba 1913, kwenye mgodi wa makaa wa Senghenydd kule Wales, mlipuko uliua wachimbaji 439. Chanzo hakikuthibitishwa mpaka mwisho, lakini shaka kubwa iliangukia waya za kengele za kuita mashini, waya tupu za umeme mdogo wa batri ambazo mfanyakazi alikuwa anazigusanisha ili kengele ilie. Ni kengele! Watu waliamini voltaji ndogo haina neno. Utafiti uliofuata nyuma ya hapo ndio ulizaa hii mambo yote ya usalama wa ndani.

Rangi ingine inayodanganya watu vibaya ni nyekundu. Kila mtu anajua nyekundu ni plasi, si ndiyo? Kwenye batri na panneau za jua ndiyo. Lakini kwenye termokople, zile waya za kupima joto la fuu ya kuyeyushia shaba, mtindo wa Kimarekani unafanya nyekundu iwe minasi, siku zote. Termokople ya aina ya K ya Kimarekani ni njano kwa plasi na nyekundu kwa minasi, ile ya IEC ni kijani kwa plasi na nyeupe kwa minasi, na ganda lake ni kijani kizima, ambalo tena mtu wa haraka anaweza kusema tere. Ukigeuza hizo waya kipimo kinaenda nyuma, fuu inapanda joto na sikrini inaonyesha inashuka.

Kuna pia wanaosoma rangi ya bwati yenyewe. "Hii nyekundu njo ya kuzuia mlipuko, ile ya kijivu ni ya kawaida." Hapana. Rangi ya nje ni ya fundi wa kupaka rangi. Kinachosema ukweli ni plaketi. Ukikuta imeandikwa Ex db IIB T4 Gb, soma hivi: d ni bwati inayostahimili mlipuko kwa ndani, IIB ni familia ya gazi inayoweza kuvumilia (IIC njo ya hidrojeni, kwa hiyo hii usiipeleke chumba cha batri), T4 maana yake uso wake hautapita digri 135, na Gb inaruhusiwa zone 1. Na usifikiri ile bwati nzito ya d inazuia gazi isiingie. Gazi inaingia. Inaweza hata kulipuka ndani. Kazi ya ile bwati ni kuukamata mlipuko ndani, na moto unaojaribu kutoka kupitia kwenye mfiniko unapoa njiani kwa sababu ile nafasi ya chuma kwa chuma ni nyembamba na ndefu. Ukikosa bulo moja, ukitoboa tundu la kupitisha waya ya ziada, ukikwaruza uso wa ule mfiniko kwa patasi, bwati ni ya kawaida sasa, imebaki uzito tu.

Halafu kuna mambo ya hapa kwetu ambayo vitabu vya Ulaya havikai sana juu yake. Vumbi jekundu ya kiangazi inafanya kahawia, nyekundu na njano kuwa ndugu. Mvuke wa asidi unakula plastiki. Na zile ampule za njano za sodiamu za usiku, chini yake buluu na nyeusi hazitofautiani kabisa, ukitaka kusoma rangi beba tochi ya mwanga mweupe, na kama ni kwenye zone basi tochi yenyewe iwe na plaketi ya Ex. Vilevile tesitere. Ile multimetre ya sokoni haiingii kwenye zone mpaka umeme umekatwa, kufuli imewekwa, gazi imepimwa na kibali kimesainiwa. Mpango ni: karatasi ya shema kwanza, etikete ya pande zote mbili za kable, kata umeme, funga kufuli yako na ufunguo ukae mfukoni mwako, halafu tesitere ya ncha mbili ambayo umeijaribu kwenye umeme unaojulikana mbele ya kupima na nyuma ya kupima. Rangi inakuja wapi kwenye huo mpango? Inakusaidia tu kujua uanzie waya gani.

Na kwa yule kijana wa foto, juu najua swali lake la pili litakuwa lipi: wachimba mtaro wameikata ile kable ya buluu kwa pikosi, bosi anasema unganisha haraka uzalishaji umesimama. Usichukue kipande chochote kutoka stoo. Kable yenyewe inaweka akiba ya nguvu ndani yake, kadiri ilivyo ndefu na kadiri ilivyotengenezwa, na ile hesabu ya kizuizi ilifanywa kwa aina ile na urefu ule. Kata umeme kwenye kizuizi, funga ncha mbili zisigusane na kitu, andika namba ya kable, mwite mtu wa instrumentasyoni mwenye faili la ule mzunguko. Kama faili halipo, basi kazi ya siku hiyo ni kulitafuta.